Mgonjwa wa Mtihani

Kitanda changu kilikuwa cha mwisho, karibu na ukuta, na shuka nililofunikwa lilikuwa limepigwa pasi mpaka kingo zake zikakakamaa kama karatasi. Wauguzi walinivua kofia, wakanivua miwani, wakanivua na vilivyobaki. Wanafunzi wa udaktari waliingia nyuma ya pazia mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akaniomba ruhusa kwa maneno yale yale waliyokaririshwa, akalishusha shuka hadi chini ya kinena, akapapasa, asione kitu. Kisha akaniomba nisimame nikohoe. Nikasimama, nikakohoa, na uvimbe ukashuka mahali pake, mtiifu kunizidi mimi. Pembeni daktari bingwa alikuwa akiandika alama. Hakuna aliyeniuliza jina.

Nami nilikuwa nimeahidi kunyamaza. Anayenijua atacheka hapo. Kiwandani waliniita Kipaza, na hawakuniita hivyo kwa sababu naimba.

Uvimbe huo, ngiri, ulinianza kwa kochi. Tangu nilipofukuzwa kwenye kiwanda cha mablanketi nilikuwa fundi wa makochi, nikiishi katika chumba kimoja, nusu yangu, nusu ya fanicha za watu. Jioni nilikalia viti vya wengine, nikala, nikasoma, na asubuhi wenyewe wakaja kuvichukua. Siku moja nilinyanyua kochi la watu watatu peke yangu, maana hakukuwa na wa kulishika upande wa pili. Nikasikia kitu kikiachia ndani, polepole, kama uzi wa mshono uliochoka. Usiku nikapapasa, nikakuta kifundo. Nikakisukuma kwa kiganja, kikarudi ndani. Nikajishonea mkanda wa turubai na kipande cha sponji, kazi safi kabisa, nikaendelea na maisha.

Mke wangu hakuwepo kuuona mkanda ule. Aliondoka zamani, akisema amechoka kuolewa na mkutano. Yuko kwa binti yetu, mbali, na kila nilipowapigia simu niliwaambia niko salama salimini. Kusema kweli ni gharama, hata kwa mtu wa maneno kama mimi.

Mkanda ulipoacha kufaa nilikwenda hospitali kubwa, ile ya kufundishia. Pale ukumbini kuna madirisha mawili. Dirisha la kadi za bima lina viti na feni. Dirisha la fedha taslimu lina ukuta wa kuegemea. Daktari kijana aliniambia upasuaji wenyewe ni mdogo, ila nisichelewe, maana siku utumbo ukinasa pale hautasubiri nichangiwe. Akanitajia bei. Nikamwuliza kama hiyo ni ya tumbo langu peke yake au na la jirani. Hakucheka. Nilikuwa na umri ule mbaya, hamsini na kitu: mzee mno kuajiriwa na mtu mwenye bima, kijana mno kutibiwa bure pamoja na wazee.

Nilipokuwa nimeegemea ukuta ule nikamwona Mzani. Huyu alikuwa mpima mizigo kiwandani, na tulifanya kazi mlango mmoja miaka mingi. Alikuwa ametoka dirisha la kadi na mfuko wa dawa za presha. Akanikumbatia, akaniuliza naumwa nini, nikamwambia. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema wahenga hawakukosea, kikulacho ki nguoni mwako. Nami nikacheka, kwa kuwa ni kweli ilichekesha. Kisha akaitazama foleni niliyosimama, akaacha kucheka.

"Ungekaa kimya siku ile, ndugu yangu," alisema, "leo ungekuwa na kadi kama sisi."

Mimi sisahau. Watu husahau kwa sababu kusahau ni bure, na maskini hapendi kuacha cha bure.

Kadi ile nilimpa mimi. Nilijifunza sheria za kazi kutoka kitabu kisicho na jalada, nilichokiokota kwenye karatasi za kufungia mablanketi, na nilikisoma mpaka nikajua ukurasa upi una doa la mafuta. Mwenzetu mmoja alikufa kwa kukohoa vumbi la sufi, na kiwanda kikapeleka msibani blanketi moja. Siku ya pili yake nilizima mashine za kufumia. Zikazimwa zote, ukimya ukaingia kiwandani kama mgeni asiyejua akae wapi, na wenzangu wakanibeba mabegani. Tuliomba jambo moja: bima ya matibabu kwa mfanyakazi na watu wake. Tuligoma mpaka meneja akatuita kwenye ukumbi wa chakula. Akasema amekubali. Kadi zitatoka, za kila mtu, mke na watoto. Sharti ni kwamba aliyezima mashine bila ruhusa aende zake, leo.

"Anayeona si haki," akasema, "asimame."

Nilikuwa nimesimama tayari, peke yangu, kwa hiyo niliwaona wote vizuri. Kuna mtu aliendelea kukoroga chai iliyokwisha kukorogeka. Mzani, aliyekuwa ameketi ubavuni pangu, aliinama akafunga kamba ya kiatu. Akaifunga vizuri sana. Mpaka natoka nje ya geti alikuwa bado anaifunga.

Siwalaumu. Nimelisema neno hilo mara nyingi maishani na kila mara limekuwa uongo.

Sista wa wodi ya upasuaji ndiye aliyenionea huruma. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye viatu visivyolia, na aliniona nikija na kuondoka dirisha la fedha wiki hadi wiki. Akaniita kando. Akasema madaktari wanafunzi wana mtihani wa vitendo, na ngiri kama yangu, iliyokomaa na isiyo na matata, hutafutwa kama dhahabu. Anayekubali kuwa mgonjwa wa mtihani hufanyiwa upasuaji wiki hiyo hiyo bila kulipa. Bingwa mwenyewe hukata. Masharti ni machache: usimwambie mwanafunzi unaumwa nini, jibu unachoulizwa, fanya unachoambiwa.

"Kunyamaza tu, baba," alisema. "Utaweza?"

Nilisema nitaweza. Akauliza nani atakuja kunichukua nikishapasuliwa. Nikasema wapo.

Basi nikalala pale, nikanyamaza. Asubuhi ilikwenda vizuri. Wengine walikuwa na mikono ya uhakika, wengine walinipapasa kama wanaotafuta funguo gizani, lakini wote walikumbuka kunisimamisha, maana ngiri yangu nikilala hujificha. Nilianza kuhesabu siku za kupona. Nilijiona nikinyanyua kochi.

Halafu akaingia binti mmoja. Nasema binti, ila alikuwa na umri wa kuwa na watoto, lakini woga ulikuwa umemrudisha utotoni. Aliomba ruhusa yangu akiiambia sakafu. Mikono yake ilikuwa ya baridi. Alipapasa kulia, akapapasa kushoto, akarudi kulia. Nikangoja aniambie nisimame. Hakuniambia. Nilimwona akilitafuta neno hilo, midomo ikienda bila sauti, na halikuja.

Bingwa aliweka kalamu mfukoni. Alikuwa na sauti ya upole, ile ya mtu asiyehitaji kuipandisha.

"Kwa hiyo mzee huyu ni mzima," alisema. "Tumruhusu akacheze mpira?"

Binti akasema hapana, kisha ndiyo, kisha akasema haoni kitu. Bingwa akamwuliza kama anajua ni watu wangapi walitaka nafasi yake katika chuo kile. Akamwuliza kama nyumbani wanajua. Akasema ana dakika moja. Machozi yalidondoka kwenye shuka langu, mawili, na hakuyafuta, nadhani kwa sababu mikono yake ilikuwa bado juu yangu na alisahau kuwa ni yake.

Ningeweza kutazama ukuta. Ulikuwa pale, mweupe, umepakwa rangi vizuri. Upasuaji wangu ulikuwa upande wa pili wa dakika ile moja, na nilichotakiwa kufanya ni kulala tu. Watu wengi wazuri wamelala hivyo, na wameamka salama.

"Daktari," nikasema, "mgongo unaniuma. Naomba nisimame kidogo."

Sikungoja jibu. Nikashusha miguu, nikasimama mbele yao uchi, na kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuharibu, nikakohoa. Nikakohoa vizuri, kikohozi cha mkutano wa hadhara. Uvimbe ukashuka wote.

Yule binti aliuona. Ilikuwa kama mtu amemfungulia bomba: akataja jina la ngiri, upande, aina, hatari yake, namna ya kuishona, sentensi juu ya sentensi, bila kupumua, macho yake hayatoki kinenani pangu. Alikuwa anajua kila kitu. Alikijua tangu mwanzo. Bingwa hakumtazama. Alinitazama mimi, kisha akatoa kalamu mfukoni akaandika kitu, na akaomba pazia lifungwe.

Sista alikuja na nguo zangu mkononi. Aliniambia daktari amekasirika, kwamba wanafunzi waliobaki watapelekwa kitanda kingine, kwamba mgonjwa anayeingilia mtihani hana tena makubaliano na idara. Alisema amejaribu kuniombea.

"Nilikuomba kitu kimoja tu, baba."

"Nilisimama tu, mwanangu."

"Na kukohoa je?"

Sista akageuka nivae. Alinisaidia kufunga mkanda wangu wa turubai, akasifu mshono wake, na sauti yake ilikuwa imechoka.

Nilikaa kwenye benchi nje ya wodi kwa sababu kusimama muda mrefu kulikuwa kumenichosha, na maumivu huachia polepole. Nilivaa kofia yangu na miwani yangu. Jamaa za wagonjwa walikuwa wamekaa hapo na vyombo vya chakula, na kila mlango ulipofunguliwa waliinua vichwa pamoja. Nikawa nainua na mimi.

Baada ya kitambo wanafunzi walitoka, wakiongea wote kwa pamoja, kelele ya watu waliovuka mtihani. Yule binti alikuwa katikati yao. Uso wake, ambao nilikuwa sijauona sawasawa, ulikuwa mzuri na wa kuchekesha kidogo, na alikuwa akiiga sauti ya upole ya bingwa, wenzake wakivunjika mbavu kwa kicheko. Aliponifikia akapunguza mwendo. Alinitazama usoni kabisa. Nikavua kofia.

"Shikamoo, baba," alisema. "Unamsubiri mgonjwa?"

Nilimwambia ndiyo, namsubiri.

"Usiwe na wasiwasi. Hapa kuna madaktari wazuri, atapona."

Alisema kwa moyo, na akanigusa bega. Mkono wake ulikuwa umepata joto. Nikamshukuru, akakimbia kuwafuata wenzake.