Mizunguko Minne na Nusu

Siku nilipoandika ripoti iliyomfukuzisha kazi Chirau, nilikuwa na hakika na kila sentensi. Mkono wa gia ulikutwa kwenye fowili, yaani gari likiendeshwa kwa magurudumu yote manne. Gari lilikutwa juu ya lami. Transfa, lile sanduku linalogawa nguvu ya injini mbele na nyuma, lilikuwa limepasuka. Nilimalizia hivi: "Dereva hakutoa fowili alipoingia barabara ngumu." Mambo matatu ya kwanza nilikuwa nimeyaona kwa macho. La nne nililikisia, nikaliandika kwa wino uleule.

Gari lenyewe ni pikapu ya kikundi cha wanawake wanaolima mwani upande wa Shimoni. Mimi ni msimamizi wa gereji inayolitengeneza, hapa Msambweni. Mwezi wa Februari mwenyekiti wao, Bi Hanifa, aliniletea shida iliyo wazi. Walikuwa wametoa tairi za inchi ishirini na tisa wakaweka za thelathini na tatu, ili gari lisizame katika mchanga wa njia ya ufukweni. Halikuzama tena, lakini nguvu ilikuwa imekwisha. Likipakiwa mwani mbichi lilipanda kilima cha kwanza kwa taabu, klachi ikinuka.

Tairi kubwa huenda mbali zaidi kila inapozunguka mara moja, kwa hiyo mzigo uleule huwa mzito zaidi kwa injini. Dawa yake ni kubadilisha gia za difu, lile sanduku la gia lililo kati ya tairi mbili, mbele na nyuma. Za zamani zilikuwa 4.10, maana yake propela, ule mhimili unaotoka kwenye transfa kwenda difu, huzunguka mara nne na sehemu moja ya kumi ili tairi zizunguke mara moja. Nilizidisha kwa thelathini na tatu, nikagawa kwa ishirini na tisa, nikapata 4.67. Madukani kuna 4.56 na kuna 4.88. Ile ya kwanza ilikuwa karibu zaidi na jibu langu, na ingekula mafuta kidogo. Lakini gari hili halisafiri mbali. Kazi yake ni mchanga, mzigo na mwendo wa polepole. Nikachagua 4.88. Hadi leo naamini nilichagua sawa.

Difu mbili zilitoka Mombasa, kwa muuza vipuri vilivyotumika. Zilikuja nzima, zimefungwa, kila moja na lebo yake: 4.88.

Swabir, fundi aliyekuwa katika gereji hii kabla sijazaliwa, aliziinamia akazitazama. "Tuzihesabu kwanza, Bi Salwa. Tutie chaki, tuzungushe, tuone."

"Lebo huioni?"

"Naiona. Lebo imeandikwa na mtu."

"Na wewe utakayehesabu ni nani, malaika?"

Mafundi wengine wakacheka. Swabir naye akacheka, akachukua spana. Kuhesabu kungetuchukua robo saa.

Siku kumi na moja baadaye transfa ikapasuka, pale njia ya ufukweni inapokutana na lami.

Chirau alikuwa ameliendesha gari la kikundi tangu liliponunuliwa, na magari mengine miaka ishirini kabla ya hapo. Ni mtu asiyepandisha sauti. Alinieleza hivi: "Nilipofika lami niliuvuta ule mkono, ukakataa. Tangu zile difu mpya umekuwa mzito kutoka. Nikarudi nyuma kidogo ili ulegee, ukakataa. Nikasogea mbele, nikasikia mlio."

Nikamuuliza kwa nini ukatae sasa, wakati miaka yote haukukataa.

"Hilo ndilo swali ninalokuuliza wewe, mwanangu."

Nililichukua kuwa ni ujanja. Ripoti niliisoma mwenyewe chini ya banda la kuanikia mwani, mbele ya wanawake arubaini, naye Chirau amekaa palepale. Mmoja wao alisema, si kwa sauti ya chini sana, "Mzee ameanza kusahau." Chirau alimpa Bi Hanifa ufunguo kwa mkono wa kulia, akawaaga watu wote, akaondoka.

Tulifunga transfa nyingine. Dereva mpya, Adnan wa Ukunda, alilirudisha gari gereji baada ya wiki mbili.

"Madam, hii fowili inagoma kutoka. Kwa mchanga iko sawa, lakini nikifika pagumu inakwama kabisa."

Ilikuwa Ijumaa, na wanaume wote wa gereji walikuwa wamekwenda msikitini. Nilizuia magurudumu kwa mawe, nikaweka gia huru, nikapandisha tairi moja ya nyuma kwa jeki, ile ya pili ikabaki chini. Kwa namna hiyo, ukiizungusha mara mbili tairi iliyo juu, mizunguko ya propela hukupa namba ya difu. Nikatia alama za chaki. Nyuma, propela ilizunguka mara tano kasoro kidogo. Nikahamia mbele. Mara nne na nusu, na kidogo tu. Nikarudia. Nikarudia tena. Nyuma 4.88, mbele 4.56.

Mchangani tofauti hiyo haionekani, maana tairi huteleza kidogo na mambo yakajirekebisha. Kwenye lami haziwezi kuteleza. Mbele na nyuma huvutana ndani ya transfa, meno yakabanana, mkono ukakataa kutoka, na gari likisogea lazima kitu kivunjike. Chirau alikuwa amenieleza yote hayo kwa sentensi nne.

Nilichukua kitambaa, nikakichovya katika petroli, nikafuta chaki. Kuiamini lebo lilikuwa kosa. Kufuta chaki halikuwa kosa la bahati mbaya, nilijua ninachofanya. Kabla wanaume hawajarudi nilikuwa nimeshaagiza difu nyingine ya mbele, na nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia Bi Hanifa: marekebisho madogo. Maneno hayo nilikaa nayo siku mbili. Jumapili asubuhi nikaenda Mwabungo.

Chirau alikuwa amekaa barazani anasuka makuti ya kuuza.

"Shikamoo, Mzee Chirau."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea hadi huku? Mwanarusi, leta kiti, mhandisi amekuja."

Mkewe alileta kiti, kisha chai na mahamri. Nilisema kabla sijaonja. Nilianza na namba, kwa kuwa namba zilikuwa rahisi kutamka. Chirau aliendelea kusuka mpaka nilipofika difu ya mbele.

"Nne na nusu?"

"Na kidogo."

"Na nyuma tano kasoro."

"Ndiyo."

"Basi zilikuwa zinapigana."

"Niwie radhi, mzee."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Nimekuja kwako kwanza."

"Kwangu hukuwa na haja ya kuja. Mimi nilikuwa ndani ya gari." Mwanarusi alicheka, mumewe hakucheka. "Ile ripoti uliisoma wapi?"

"Bandani."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu wote."

"Basi njia unaijua. Kunywa chai yako, inapoa."

Jumanne nililipeleka gari bandani, pamoja na Swabir, jeki na chaki. Niliwaeleza wanawake nitakachofanya, nikawaomba wahesabu. Nyuma walihesabu moja hadi nne, na tano ikakaribia kutimia. Mbele, propela iliposimama, nusu yao walikuwa wameshafungua midomo kusema tano. Wakaifunga.

"Kwa hiyo ule mkono ulikataa kweli," Bi Hanifa alisema.

"Ulikataa kweli. Chirau hakusahau kitu. Niliyekosea ni mimi."

"Na hili lingeweza kujulikana mapema?"

"Kwa robo saa."

"Hapakuwa na mtu wa kukwambia?"

Swabir alikuwa ameinamia jeki, kana kwamba imemharibikia. Asingenisema.

"Swabir aliniambia. Nikamfanyia mzaha, watu wakamcheka." Kisha nikaongeza lile ambalo hakuna aliyeniuliza. "Na Ijumaa nilipohesabu peke yangu, nilifuta alama."

Yule aliyedai mzee ameanza kusahau alijivutia leso usoni. Bi Hanifa aliniambia nikae, nami nikakaa palepale alipokaa Chirau siku ile, kwa sababu ndiyo nafasi iliyokuwa wazi.

Difu ya mbele ilipofika niliihesabu kabla ya kuifunga, na baada ya kuifunga. Alhamisi Chirau alikuja gereji, shati limepigwa pasi, akasalimia kila mtu. Nilimpa ufunguo. Hakuupokea. Alipiga magoti kando ya gurudumu la mbele lililokuwa bado juu ya jeki, akatoa kipande cha chaki mfukoni mwake, akatia alama, akaniita.

"Hesabu, mwanangu."

"Mzee, nimeshahesabu mara mbili."

"Sikusema hukuhesabu. Hesabu nikusikie."

Mafundi waliacha kazi. Akaizungusha tairi, nami nikahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, na tano kasoro kidogo. Chirau alitikisa kichwa kukubali, akainuka taratibu, akahamishia jeki kwenye gurudumu la nyuma. Alitia chaki, akaishika tairi kwa mikono miwili, akanitazama, akisubiri nianze tena kwa moja.