Pai Mbili Kabatini

Mimi ni mbea, sifichi. Ukikaa miaka ishirini na sita kwenye kituo cha mafuta katikati ya Nullarbor, uwanda mkavu wa Australia, ambako jirani wa karibu yuko kilomita tisini, usipokuwa mbea utaishia kuongea na nzi. Ndiyo maana kile kidoti kilinikamata vizuri sana.

Kilikuwa kidoti cha bluu kwenye ramani ya simu, na kidoti chenyewe kilikuwa mtu: Tamsin Vukovic, binti wa wavuvi wa jodari wa Port Lincoln, aliyekuwa akiendesha baiskeli peke yake kutoka Perth hadi Sydney. Alitaka kuivunja rekodi ya siku tisa na saa kumi na nne. Kifaa kidogo kwenye usukani wake kilituma habari za mahali alipo kila baada ya dakika chache, na nchi nzima watu waliacha kupiga pasi wakakodoa macho. Mimi nilikuwa nakaanga mayai, jicho moja kwenye kikaango na jingine kwenye simu. Nilijua amelala muda gani usiku uliopita: saa mbili na nusu, ndani ya kalavati. Nani analala ndani ya kalavati? Anawaza nini humo? Nilitaka kujua kila kitu.

Siku ya tatu mdomo ukanizidi. Kwenye ukurasa wa mashabiki niliandika: "Kesho Jumapili atapita kwangu, Mundarra. Njoni tumwone. Pai zipo." Nilitegemea watu watatu. Walikuja kumi na wanne, wengine wakiwa wameendesha gari saa nne nzima.

Wa kwanza kufika alikuwa Myrtle, mwalimu mstaafu wa hesabu anayezunguka nchi na karavani lake la kulala, likivutwa na gari. Alikuwa amezikariri kanuni za rekodi zote, na alitupanga kama darasa.

"Sikilizeni. Anaruhusiwa kununua chochote ambacho mtu yeyote anaweza kununua. Zawadi, hapana. Kusukumwa, hapana. Kuwekewa kitu kando, hapana. Akisaidiwa hata kwa kijiko, rekodi hakuna."

"Kumpigia makofi je?" akauliza Dougal, dereva wa lori la matela matatu, ambaye alidai amepumzika tu kumbe naye alikuwa shabiki wa kufa.

"Makofi ruksa."

Tulimtarajia saa nne asubuhi. Lakini upepo, ambao siku zote huwasukuma waendao mashariki, siku hiyo uligeuka ukawa unampiga usoni. Saa nne ikapita, saa tano ikapita, kidoti kinajikokota. Watu wakikaa bila kazi huona njaa. Mmoja alinunua pai ya nyama na viazi, akaisifu, na hapo ukawa msururu. Nilikuwa nachukua maagizo, napiga soga, nacheka, nimefurahi kuona watu. Nilikuwa na pai thelathini na mbili asubuhi ile.

Saa sita na robo kidoti kikasimama. Kilomita tisa kabla ya kwangu, mahali ambapo hapana mti wala kibanda.

"Pancha," akasema Dougal.

"Pancha dakika tano. Sasa ni nane," akasema Myrtle.

"Nyoka basi."

"Anajisaidia."

"Kwa dakika kumi? Huyo kala nini?"

Walibishana hivyo, roho juu, mpaka dakika ya kumi na moja kidoti kilipotikisika tena. Tukashangilia kama vichaa. Katika furaha ile Myrtle aligeuka aagize kitu, akaliangalia kabati la vioo, akaangalia rafu nyuma yangu.

"Noeline," akaniambia polepole, "huyu mtoto atakula nini?"

Nikatazama na mimi. Pai hakuna. Ndizi hakuna, chokoleti hakuna, hata ile keki ngumu ya wiki iliyopita ilikuwa imeondoka. Lori la mizigo huja Jumanne. Na kutoka kwangu kwenda mashariki hapana duka kwa kilomita mia na themanini na nane, upepo ukiwa usoni. Kila aliyefuata kidoti alijua kwamba msichana huyu alikuwa amepanga kula Mundarra. Tulikuja kwa ajili yake, na tulikuwa tumekula chakula chake.

Watu walianza kujipangusa makombo kimyakimya. Dougal alinyoosha sahani yake. "Hii nimeing'ata upande mmoja tu."

"Toa ujinga wako hapa," nikamwambia.

Hapo ikabidi niseme. Asubuhi saa mbili nilikuwa nimezificha pai mbili ndani ya oveni, nimezifunika kwa kitambaa. Nilizitoa. Watu karibu wanibebe juu kwa juu, lakini Myrtle alibaki ananitazama.

"Ulimwekea yeye?"

"Nilijiwekea."

"Noeline."

"Basi, nilimwekea yeye."

"Ukimpa hizo, umemmaliza. Siku nne za jasho zinaishia kwenye oveni yako."

Nilitaka kumrushia mwiko. Nilimchukia hasa kwa sababu alikuwa anasema kweli. Mwishowe nikazipeleka kabatini, nikaziweka mbele kabisa na bei yake, mtu yeyote azione.

"Anayetaka anunue," nikasema kwa sauti.

"Atakayezigusa nitamkanyaga na lori," akasema Dougal.

"Mgeni akija, unamuuzia," akasema Myrtle.

"Mgeni gani, Jumapili hii, huku?"

Alikuja saa saba kasoro dakika kumi. Mwanamume mnene, amechomwa na jua, anavuta boti ya kuvulia nyuma ya gari. Boti, katika uwanda usio na tone la maji! Alijaza mafuta, akaingia, akashangaa kukuta watu kumi na wanne wamesimama kimya kama msibani.

"Vipi, mama. Nipe hizo pai mbili."

Kwenye simu kidoti kilikuwa kimebakiza kilomita tatu. Nilimtazama Myrtle, naye akatazama dari. Dougal alikuwa ameuma midomo mpaka imekuwa myeupe.

"Moja haikutoshi?" nikamuuliza.

"Sijala tangu jana usiku, mama. Kwani haziuzwi?"

Swali ndilo hilo. Kama haziuzwi kwake, haziuzwi kwa Tamsin. Nilizitia kwenye mfuko, nikampa. Hata hakwenda nazo. Alikaa pale pale dirishani, akamwagia sosi ya nyanya, akazila zote mbili mbele yetu huku akituuliza kama kuna mtu amefariki. Katika maisha yangu sijawahi kumchukia mteja namna ile.

Tamsin aliingia saa saba na dakika mbili. Nilidhani angekuwa jitu. Alikuwa mfupi, midomo imepasuka, chumvi ya jasho imechora ramani mgongoni. Aliliendea kabati moja kwa moja.

"Hakuna pai?"

"Zimeisha," nikasema.

Akageuka akawatazama mashabiki wake. Mmoja alikuwa na viazi kwenye ndevu, mwingine ameficha karatasi ya chokoleti nyuma ya mgongo. Akawatazama mmoja mmoja. Kisha akacheka, akacheka mpaka akashika meza.

"Nyie watu! Mmenila mzima mzima!"

Myrtle, mwalimu wa kanuni, alikuwa analia machozi waziwazi.

Tamsin alipita nyuma ya rafu, ambako hakuna shabiki aliyekuwa amefika kwa sababu ni vitu vya wapishi. Alirudi na makopo matano ya bitiruti na manne ya maziwa mazito. Alilipa. Akafungua kopo kwa kifungulio kinachoning'inia karibu na birika, anachotumia kila mtu, akaanza kula bitiruti kwa vidole, akishushia na maziwa. Juisi nyekundu ilimtiririka hadi viwikoni.

Najua ningepaswa kunyamaza. Nilishindwa.

"Dada, samahani. Saa sita ulisimama dakika kumi na moja. Kulikuwa na nini pale?"

Alilamba kidole, akafikiri.

"Hakukuwa na kitu. Nililia. Nikaona nimemaliza, nikaendelea."

Baada ya robo saa alikuwa ameondoka, makopo yaliyobaki yakigongana kwenye mifuko ya baiskeli. Jioni Dougal alinipigia kutoka barabarani, anavunjika mbavu: kwenye redio ya malori madereva walikuwa wanaitana kwa hofu, kuna msichana kwenye baiskeli amejaa damu kidevuni hadi kifuani, na anaimba.

Aliingia Sydney akiwa ameishinda ile rekodi kwa dakika ishirini na sita. Nilipiga kelele peke yangu jikoni.

Wiki iliyofuata ikaja barua kutoka kwa wanaohakiki rekodi. Waliandikia kila duka aliloingia. Maswali yalikuwa manne, na la tatu lilisema: "Je, wakati wowote ulimwekea mwendeshaji kitu kando?"

Dougal alikuwa amekaa pale pale dirishani. "Andika hapana, mama. Nani aliona ndani ya oveni?"

Nilikaa na kalamu mpaka chai ikapoa. Dakika ishirini na sita, na zote ziko mkononi mwangu. Nikaandika: Ndiyo. Pai mbili, kuanzia saa mbili asubuhi hadi karibu saa saba. Kisha nilizitoa, nikaziweka kabatini, nikamuuzia mtu mwenye boti. Tamsin hakuzionja. Nikaituma kabla sijajionea huruma.

Wiki tatu sikula vizuri. Niliamini kwamba kile ambacho upepo na kilomita elfu nne vilishindwa kukifanya nimekifanya mimi kwa kalamu. Halafu jibu likaja, mistari miwili. Rekodi imekubaliwa kwa kuwa Tamsin hakula kilichowekwa kando, na walinishukuru kwa kumtaja mnunuzi wa zile pai.

Mwenye boti alirudi mwezi uliofuata, anaelekea magharibi. Boti ilikuwa kavu vilevile. Nilimtambua kabla hajafunga mlango wa gari. Nilitoa pai mbili kabatini, nikamtilia sosi mwenyewe, nikamwekea mezani, na alipotoa pochi nikausukuma mkono wake.

Akanitazama kwa wasiwasi. "Kwani nimefanya nini, mama?"

"Ulikula," nikamwambia.