Kiti cha Kumi

Siku ya pili ya kilio cha Nshombo, Veridiana, aliyetoa chumba chake kwa kilio, alikuwa jikoni akigeuza maandazi kwenye mafuta, Bwana Haskett alipopanda ngazi, akapangusa theluji viatuni na kuketi kwenye mstari wa wanaume. Alivaa kofia nyeusi ya duara, na mnyororo wa saa ulimpita tumboni. Alikuwa amekufa tangu 1926. Alipewa chai. Kwenye kilio mtu haulizwi ametoka wapi. Akishakaa, ameshakuwa mfiwa.

Chumba kilikuwa ghorofani, kando ya barabara ya Bailey, mjini Buffalo, Februari 2015. Mwenye nyumba alisema wasizidi watu kumi humo, sakafu ni ya zamani. Wakizidi, Veridiana atafute pengine pa kulala na watoto wake. Haya, kumi! Mtu amefia ghalani akipanga maboksi, ana ukoo wa kujaza mabasi mawili, halafu aliliwe na watu kumi. Kanisa lao nalo lilikodi chumba kwa Jumapili tu. Mama wa marehemu, Cibalonza, alikuwa anakuja kutoka Columbus, na kaka wa marehemu, Bisimwa, kutoka Louisville. Veridiana alitaka jambo moja: yule mama amlilie mwanawe akiwa amezungukwa na watu wake wote, mahali pamoja.

Na ukumbi ulikuwepo, ng'ambo ya barabara. Bwana Haskett aliujenga mwaka 1911, alipokuwa mfanyabiashara wa barafu na mwenyekiti wa kila kamati ya mji. Juu ya mlango aliandika: KWA WATU WOTE WA MJI. Mle ndani mlikuwa na joto, na taa ziliwaka mchana kutwa. Veridiana alipiga simu mara nne, akajibiwa kwamba siku hizo umejaa. Umejaa nani, Mungu wangu? Yeye dirishani aliona viti tu.

Desturi ni kwamba aliyekaa na wafiwa huombwa neno. Siku ya tatu zamu ikamfikia Bwana Haskett. Alisimama, akazungumza Kiswahili cha Bukavu bila kukwama. Wafu hawahitaji mkalimani, hiyo ni taabu ya walio hai hospitalini. Alisema alifika mji huu na sanduku moja. Walilala kumi na mmoja chumba kimoja, akakata barafu ziwani hadi kidole chake kikabaki huko. Mama yake alipokufa, mwenye nyumba alimfukuza kwa sababu ya kelele za kilio. Ndiyo maana, alipopata mali, akajenga ukumbi.

Wanaume waliitikia kwa vichwa. Kumbe ni mkimbizi mwenzao. Wanawake wakamlilia mama yake papo hapo, kwa sauti, maana hakuwahi kuliliwa vizuri. Bwana Haskett alifuta machozi kwa leso.

Veridiana akapiga magoti mbele yake. "Bon, mzee, aksanti sana. Donc mutupatie ile fungulo. Mama ya mufu iko karibu kufika."

Ufunguo ulining'inia kwenye mnyororo wa saa. Aliufunika kwa kiganja.

"Ukumbi ni wa watu wa mji, mama."

"Tuko watu ya hapa. Miaka sita."

"Niliandika kwenye hati watu wa mji ni akina nani," alisema kwa upole. "Ni Wazungu. Kamati bado inaifuata, ila siku hizi haiisomi kwa sauti."

"Na mama yako, si tumemulilia?"

"Mmenifariji sana." Akanyoosha sahani. "Kuna andazi lingine?"

Veridiana aliinuka, akaipa sahani mgongo. Lakini mgeni wa kilio hanyimwi chakula. Akampa, tena la moto.

Saa tisa ndugu walifika, magari sita. Mwenye nyumba alisimama kibarazani akihesabu wanaopanda. Kwanza alikuwa amechungulia chumbani, akamhesabu na Bwana Haskett, na kumvulia kofia. Cibalonza alipoingia wakawa kumi. Alimlilia mwanawe katikati ya watu wanane na marehemu mmoja, Bwana Haskett, na wengine wote walibaki chini kwenye theluji, mikono kwapani, wakisikiliza sauti yake kupitia dirishani.

Bisimwa alikuwa ameendesha tangu alfajiri kuja kumlilia mdogo wake. Alisimama ngazi ya mwisho akingoja mzee amalize chai, kwa sababu mgeni wa kilio haondoshwi. Mzee alikunywa polepole. Alikuwa na vidole tisa, na kikombe kilikuwa cha moto.

Tangu hapo hakosi kilio hata kimoja mtaani. Wanamwekea kiti mapema, karibu na joto, na wakipanga zamu za kupanda, wanapanga watu tisa.