Uso wa Anatoile

Mfalme wa Uhispania alipotia sahihi mkataba wa kumwachia mfalme wa Ufaransa nchi yetu ya Franche-Comté, sisi wa mji wa Salins hatukuulizwa. Mume wangu Anatoile, aliyechemsha maji ya chumvi kiwandani tangu ujana wake, aliendelea kuichemsha chumvi ile ile. Bendera ya langoni ndiyo iliyobadilika. Majani yalipoanza kupukutika, mapafu yake yakamshinda. Aliniita kitandani.

"Guillemette, nizike kifudifudi."

Nilijua maana yake. Wazee kadhaa walikwisha kuzikwa hivyo, kwa kuwa mfalme mpya alijitwalia jua kuwa nembo yake, nao hawakutaka kulitazama hata kaburini.

"Wewe kula uji wako," nilimwambia.

"Niahidi kwanza."

"Huyo mfalme hata hajui kama upo. Unamnunia ya nini?"

"Mimi najua kama yupo. Yatosha."

Nilimlisha kijiko cha uji wa mahindi, kisha nikasema lililokuwa likinichoma. "Kaburi lile ni letu sote wawili. Nije nikukute umeuinamia udongo? Maisha yangu yote nimelala nikikutazama, nawe ukikoroma kama mivukuto."

Alicheka hadi akakohoa. "Kumbe unaona wivu, bibi wewe."

"Naona wivu, ndiyo. Nchi mfalme amekwisha kuichukua. Uso wako asiuchukue."

Aliushika mkono wangu uliokuwa na kijiko, akasinzia. Kulipopambazuka alikuwa amekwisha kwenda, na ahadi sikuwa nimeitoa.

Desle, mchimba kaburi, alinisubiri kando ya shimo. Anatoile alikuwa katika sanda yake.

"Mama, tumlaze kifudifudi kama wenzake?"

Paris iko upande wa machweo. Nafasi yangu ilikuwa upande wa macheo.

"Mlaze ubavu," nilisema. "Mgongo aupe Paris, uso aniletee mimi."

Desle alijikuna kichwa. "Huko si ndiko jua linakochomoza, Mama? Mzee atanilaumu."

"Mimi nitakuwa nimelala katikati. Nitamkinga."

"Na mpaka hapo utakapokuja?"

Desle alipokwisha kumlaza, nilishuka shimoni mwenyewe, nikaitengeneza sanda vizuri begani mwake.

"Mpaka hapo atafumba macho," nilimjibu. "Kuningoja amezoea."