Sitakuwa Tena Meza ya Jakorian

Kuna watu husema mshika matoazi naye ni mpiga ngoma. Hao hawajawahi kushika matoazi. Mimi niliyashika mwaka mzima katika bendi ya shule yetu hapa mjini Mobile, na nitakwambia kazi yenyewe ilivyo. Unasimama uso kwa uso na mpiga ngoma ndogo, unamwinulia sahani zako za shaba, naye anazichapa kwa vijiti vyake apendavyo. Wewe huchapi kitu. Wewe ni meza. Tena siku za Mardi Gras, sherehe za gwaride kabla ya Kwaresima, kapteni akijisikia, unakuwa meza inayotembea kinyumenyume barabara nzima, na shanga zinazorushwa kutoka juu ya magari ya mapambo zikiukosa umati, zinakupata kisogoni.

Aliyenifanya meza ni Jakorian Pettway, kapteni wa safu ya ngoma. Ana mikono, sikatai. Mimi nina mambo mengi lakini si mwongo. Ila mwenyewe anajua kuwa ana mikono, na hilo ndilo linalochefua. Hutafuna ubani akipiga. Huzungusha kijiti kwenye vidole ili wasichana wapige kelele, na wao, Mungu awasamehe, hupiga. Mwaka mzima nilikuwa nikiitazama ile mikono hatua moja kutoka puani mwangu. Nikaitazama mpaka nikajua kila pigo litatoka mkono gani kabla hajaliwaza. Nikasema, vizuri. Endelea kunichapia sahani, bwana mkubwa. Unanifundisha bure.

Agosti ikaja na mchujo wake. Kwenye ngoma ndogo kulikuwa na nafasi mbili. Nilimwambia bibi yangu, aliyekuwa ameketi chini ya banda la gari akiambua kunde, kwamba safari hii ni ngoma ndogo au narudisha sare ya bendi na hawatanisikia tena.

"Na ukirudisha sare utafanya nini?" akauliza.

"Nitaandika mashairi."

"Haya," akasema. "Basi piga ngoma, mjukuu wangu. Piga sana."

Nikapiga. Kila mchana, jua likichoma lami mpaka inanuka, nilisimama pale bandani mbele ya kiti kikuukuu nilichokifunga kipande cha mpira. Sisomi noti za muziki na sijawahi kuzihitaji. Kila pigo nililitungia maneno, na maneno yakishakaa mdomoni, mikono hufuata. Mdundo wa kuingilia uwanjani niliutungia hivi, na nilikuwa nikimtolea Jakorian kwa sauti, ingawa hakuwepo:

*Una mbwembwe za mkono,*
*miguu yako ya bata!*

Bibi alicheka mpaka kunde zikamwagika.

Jirani yetu Kyndall naye alikuwa anautaka mchujo huohuo. Yeye ni wa kufuata sheria. Mwalimu wa bendi alikuwa amegawa karatasi za mazoezi. Yangu niliiweka chini ya mguu wa kiti kinachoyumba, yake aliifunika plastiki. Siku moja alikuja nayo, na vijiti kwapani.

"Zeddrick, tupige pamoja. Tusimame bega kwa bega kama itakavyokuwa siku yenyewe."

"Bega langu halipangishwi."

"Sikutanii. Umesoma hata vialama vya chini? Vinaonyesha pigo hili mkono gani, lile mkono gani."

"Mikono ninayo miwili tu, Kyndall. Nikipotea nitaulizia njia."

Alinitazama kama mtu anayetazama maziwa yaliyochacha. "Sawa, profesa," akasema, akaenda zake. Nikamsikia kule kwao akipiga polepole, tap, tap, tap, kama bomba linalovuja. Nilimwonea huruma.

Siku ya mchujo chumba cha bendi kilinuka mafuta ya tarumbeta na jasho. Wavulana walikuja wamejipamba kama wanaenda kuposa: miwani myeusi, glavu mpya, vijiti vilivyofungwa utepe wa kung'aa. Mmoja alirusha kijiti juu kabla hata hajaitwa, kikampita mkononi kikavingirika chini ya piano. Alipiga magoti kukitafuta. Nikamwambia akae hukohuko.

Mwalimu Stallworth hana maneno mengi. Anapomsikiliza mtu mmoja hufumba macho, huinamisha kichwa, na wageni hudhani amelala. Zamu yangu ilipofika nilipiga kila kitu alichotaja. Mapigo mepesi, mapigo mazito, msururu wa haraka unaosikika kama mvua ya mawe juu ya bati. Wimbo wangu niliuimba moyoni, midomo nimeifunga. Nikamaliza. Mwalimu akaitikia kwa kichwa polepole, macho bado kafumba.

"Safi," akasema. "Safi kabisa. Ingia kwenye safu."

Nikaingia katikati ya Jakorian na Kyndall, ambaye alikuwa ameshapita. Jakorian akatafuna ubani wake, akahesabu, tukaanza.

Sauti ilikuwa moja. Nakuapia, ungefumba macho ungesema ni ngoma moja. Nikaanza kusikia kicheko kule ukutani walikosimama wa matoazi. Nikafikiri, hatimaye! Wameiona miguu ya bata. Nikapiga kwa nguvu zaidi. Kicheko nacho kikazidi. Kijiti changu cha kushoto kikagongana na cha Jakorian, kha! Nikampa jicho. Kikagongana tena.

"Simameni," akasema Mwalimu. Safari hii alikuwa amefumbua macho, tena wazi kabisa. "Zeddrick. Pigo la kwanza ni mkono gani?"

"Huu," nikasema, nikauinua.

"Huo ni wa kushoto, mwanangu."

Nikatazama safu. Wote walikuwa wameinua wa kulia.

"Umejifunzia wapi?"

"Nimemtazama Jakorian. Mwaka mzima."

"Ukiwa umesimama wapi?"

Nikanyoosha kijiti kuonyesha mbele ya Jakorian. Chumba kizima kilikuwa kimeshaelewa, na kicheko kilichofuata sikuwahi kukisikia hata kanisani siku wigi la mama mchungaji lilipodondoka. Jakorian alishika goti akicheka. "Jamani, kaninakili kwenye kioo! Huyu akinyoa ndevu atajikata shingo!"

Mwalimu hakucheka. Alinigeuza nikasimama uso kwa uso na Jakorian, mahali pangu pa zamani, ila sasa nina ngoma. Tukapiga. Kijiti chake na changu vilipanda upande mmoja na kushuka upande mmoja, havikutofautiana hata kwa unene wa unywele. Kicheko kikakatika. Hata Jakorian aliacha kutafuna.

"Kazi nzuri," Mwalimu akasema. "Shida ni kwamba barabarani wote tunaelekea upande mmoja. Nafasi ya pili naiacha wazi mpaka Ijumaa. Ukiweza kuigeuza mikono, ni yako. Ukishindwa, matoazi yapo."

Jioni nilijaribu peke yangu. Niliokota ile karatasi chini ya mguu wa kiti, nikavisoma vialama vya Kyndall, nikaanza na mkono wa kulia. Ilikuwa kama kuandika jina langu kwa kidole cha mguu. Ubeti wangu wenyewe ulinikimbia. Nilikwama kwenye "mbwembwe". Kyndall alikuwa ukutani kwao, anakunywa chai ya barafu, anaona kila kitu.

"Umeulizia njia?" akasema.

"Niache."

"Mimi siwezi kukutoa hapo ulipokwama. Mikono ya Jakorian umeishika kwa macho. Utaitoa kwa macho vilevile. Nenda ukasimame nyuma yake."

Afadhali angeniambia nile matoazi. Lakini zilibaki siku chache, na mimi si mjinga. Kesho yake nilimkuta Jakorian kwenye maegesho ya shule, akipiga peke yake kivulini.

"Nataka kusimama nyuma yako," nikasema.

"Ukiwa nani?"

"Piga tu, bwana."

"Sema, 'Tafadhali, kapteni.'" Akazungusha kijiti. "Sina haraka. Mama kaniwekea chakula."

Nikalisema. Lilinikwaruza koo kama mwiba wa samaki. Akatabasamu kwa meno yote, akanigeuzia mgongo, akapiga. Nikasimama pale, kidevu juu ya bega lake, naangalia mikono ileile kutoka upande wa mwenye mikono. Alinuka ubani wa zabibu. Mgongo wake, kwa taarifa yako, ni mbaya kuliko uso.

"Kulia," akasema bila kugeuka. "Kulia, we kioo. Kulia. Huo unauita kulia? Bibi yako anakulea bure."

Alinitukana siku tatu, na kila siku alikuja kabla yangu.

Ijumaa Mwalimu Stallworth aliniweka kwenye safu, kisha akaziba masikio kwa vidole vyake viwili. "Nilishakusikia," akasema kwa sauti kubwa, kama watu walioziba masikio wanavyosema. "Leo nakutazama."

Tukapiga. Sikuimba ubeti wowote. Nilitazama mbele, ukutani, na mkono wangu wa kulia ukapanda pamoja na mikono ya wenzangu, ukashuka, ukapanda. Mwalimu alitutazama mpaka mwisho, akatoa vidole masikioni, akanyoosha kidevu kuelekea ngoma ya mwisho pembeni, ile yenye mkanda uliokatika na kufungwa kwa waya.

Nikaivaa. Ilinikata mabega papo hapo. Jakorian akapita mbele yangu, akaigonga kwa ukucha.

"Usizoee," akasema.

"Wewe ndiye uzoee," nikamjibu. "Na hiyo miguu irekebishe. Sasa niko upande wa kuiona."