Pipa la Mzee Kang'ethe

Mpaka leo nikikata karoti jikoni namkumbuka Mzee Kang'ethe, na kisu changu kinapunguza mwendo.

Alikuwa na kitalu cha mipichi Kachibora, mashariki mwa Kitale. Nilifanya kazi kwake mwaka mzima wa 1996, nikingoja kuingia chuo, na kama wajukuu wake nilimwita Guka, yaani babu. Alinifundisha kuunganisha kichipukizi cha mpichi mtamu kwenye shina la kienyeji. Nikikosea, ananiambia nimechinja mti wa watu. Mteja akija, Guka alipunguza mizizi ya miche kwa kisu, akaichovya yote katika pipa moja la maji, kisha akaifunga kwa gunia lililolowa. Ati inywe kabla ya safari. Mche wangu wa kwanza pia ulinywa humo, nikaupeleka kwetu Kimilili, wilaya ya Bungoma, nikampa Mama. Ulizaa vizuri. Mama alipougua, miezi yake ya mwisho, hakutamani chakula kingine ila mapichi yale. Tulimzika 2002.

Mwaka wa 2005 nilikuwa kwenye maabara ndogo ya mimea mjini Kitale. Habari zikaanza kuja kwamba miti ya Kang'ethe inaota vinundu shingoni, pale shina linapoingia udongoni, halafu inadhoofika. Wengine Bungoma wakasema Mkikuyu amewauzia ugonjwa makusudi. Maneno hayo yaliniuma kama nimetukanwa mimi. Mzee mwenyewe akaniletea mfuko wa mizizi, akauweka mezani, akaniomba nimwambie ukweli wowote utakaotoka.

Nikaenda sokoni nikanunua karoti. Bakteria niliyemtoa kwenye vinundu nilimpaka kwenye vipande vya karoti katika sahani ya kwanza. Wengine wa ukoo uleule niliwalea kwanza kwenye joto kali kwa siku kadhaa, ndipo nikawapaka kwenye sahani ya pili. Baada ya wiki tatu sahani ya kwanza ilikuwa imeota vinundu vyeupe. Ya pili, hata kimoja.

Nikampelekea Guka sahani zote mbili. Nilimweleza kwamba bakteria huyu ameishi udongoni miaka yote bila kumdhuru mtu. Kinachomfanya alete ugonjwa ni pete ndogo ya vinasaba anayoibeba pembeni, inayoitwa plasmidi. Mti ukiwa na jeraha, yeye huchukua kipande cha pete hiyo na kukiingiza ndani ya mti, na mti wenyewe unaanza kujijengea uvimbe. Joto likimpotezea pete, anabaki mpole kama zamani. Tena akikutana na mwenzake asiye na pete, anaweza kumpa nakala yake.

Aliziinua sahani kwenye mwanga. "Kwa hivyo huyu alikuwa jirani tu," akasema, "mpaka akaazimwa panga."

Nilikuwa nimejiandalia hotuba ndefu kuhusu jambo lililobaki, na nilikuwa naogopa. Hakuningoja. Aliuliza mwenyewe mizizi iliyokatwa inapata nini ikilowekwa pamoja na mizizi yenye ugonjwa. Kisha akatoka nje, akalimwaga lile pipa, akakaa juu yake. Nilimwona akifuta macho, nikajifanya ninapanga sahani.

Hakuwa na daftari la wateja, lakini alikumbuka kila mti na boma ulikokwenda. Kwa wiki kadhaa alizunguka Kachibora na Bungoma na jembe lake, anabisha hodi, anasema kosa ni lake, anaomba ang'oe na kuchoma mti mgonjwa, na mahali pale papandwe mahindi, ambayo uvimbe huu hauyashiki. Wako waliomtukana. Jumamosi nilifuatana naye. Alipouliza kuhusu mti wa kwetu, nilimwambia uko salama.

Nilimdanganya. Nilikuwa nimeshafukua udongo kwa mikono, nikakuta kinundu cha ukubwa wa ngumi, nikakifunika.

Tulipofika Kimilili alitaka tu kumsalimu baba yangu, Sifuna. Akanywa chai, akampa pole upya kwa ajili ya Mama, kisha akaomba kuuona ule mti. Akapiga magoti, akachakura kwa kidole.

"Nabwile, hii ulikuwa unajua?"

Nikaitikia kwa kichwa. "Ni wa Mama, Guka."

"Najua ni ya mama yako. Mimi ndio nilifunga hiyo gunia." Aliukung'uta udongo magotini. "Lakini si ni wewe uliniambia hii kitu inagawa pete? Unataka ifundishe shamba yote ya baba yako?"

Nilikuwa nalia bila aibu, mwanamke mzima mwenye koti la maabara nyumbani. Akaninyooshea mpini wa jembe.

"Mimi nilimwaga pipa yangu, mami."

Nikalishika jembe. Yeye aliushikilia mti usiniangukie huku nikichimba, mpaka mzizi wa mwisho ulipokatika. Baba aliyachuma mapichi yaliyokuwa juu yake, kumi na moja, yote mabichi, akayapanga dirishani mwa chumba cha Mama. Hayakuiva, na hatukuyatupa.