Kisima cha Bi Khairiya

Mvua za mwaka ule wa tisini na saba zilimwagika mpaka vyoo vya mtaa wa Kibokoni vikafurika, na kipindupindu kikaingia nyumba kwa nyumba. Bwana afya akapima maji ya kisima cha Bi Khairiya, akasema yameingia uchafu, yasinywewe. Uchafu? Kisima alichochimba babake, maji yanayotiwa kwenye mtungi uliofukizwa ubani yakanukia hivi? Bi Khairiya alimcheka yule bwana mbele ya watu.

Kisha mjukuu wake Abudi akafa. Bibi mwenyewe ndiye aliyekuwa akimnywesha, kikombe baada ya kikombe. Alisema mtoto alikula maembe ya sokoni Marikiti bila kuyaosha. Jirani naye alipofiwa, Bi Khairiya alisema ni kijicho. Yailahi, mama huyu hakukosa jibu!

Wiki haijaisha, Swafiya, dadake Abudi, naye akalala mkekani, macho yamezama, midomo imekauka. Athmani, baba yao, alitoka mbio kutafuta teksi ya kumpeleka hospitali. Aliporudi, mamake alikuwa ameshachota, ameshafukiza mtungi, kikombe ki mkononi. Athmani alipiga magoti. Alisema gari linangoja pale nje ya kichochoro, na maji yaliyochemshwa yamo chupani, mtoto anyweshwe hayo.

"Hayo hayana ladha, hayana baraka," alijibu Bi Khairiya.

"Mama, nakuomba. Maji ya kisima ndiyo yaliyomuua Abudi."

Bi Khairiya alikikaza kikombe mkononi. Hofu aliyokuwa akiisukuma ndani tangu siku ya maziko ilimrudia. Kama ni kweli, basi mkono huu... La, haiwezi kuwa kweli. Swafiya atakunywa, atapona, na kila mtu ataona kwamba maji hayana neno. Lazima apone kwa maji haya haya.

"Wasema mimi ndiye niliyemuua mwanao?"

Athmani alikuwa ameshanyoosha mkono akichukue kikombe. Mkono ukabaki hapo hapo. Mwana aliyelelewa akaleleka atamwambiaje mamake mzazi neno kama hilo? Alimtazama mwanawe, akamtazama mamake, machozi yakamtoka.

"Hapana, mama," alisema. "Sikusema hivyo."

Bi Khairiya alishusha pumzi. Hata baba mtu mwenyewe hasemi hivyo, alijiambia. Akakiinua kichwa cha Swafiya, akamwekea kikombe mdomoni. Mtoto alikuwa na kiu kali. Alikunywa yote, akaomba tena.